Somo: Ngazi ya kurudi barabarani baada ya ajali

Ndugu zangu, tuseme amekuja dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori miezi mitatu iliyopita. Mfupa umeunga, lakini pikipiki haigusi. Honi ikilia anatetemeka, usiku anaota ajali ileile. Kwao wanasema "ana mawazo".

Kwanza, pima. Dodoso la PCL-5, linalopima dalili za ugonjwa wa akili unaofuata tukio la kutisha (PTSD), lina maswali 20 kuhusu mwezi uliopita, kila jibu 0 hadi 4. Akifika kati ya 31 na 33, au zaidi, mtaalamu amchunguze. Alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Pili, aandike wazo lililompitia honi ilipolia. "Niliogopa" ni hisia; wazo ni "nikipanda tena nitakufa". Pimeni pamoja ushahidi wa pande zote mbili. Usimwambie "acha kuwaza hivyo", nduguze wameshamwambia. Aaron Beck, daktari wa akili aliyeanzisha tiba hii ya kupima mawazo huko Philadelphia miaka ya 1960, alimfanya mgonjwa kuwa mchunguzi mwenzake.

Tatu ni ngazi, na hapa ndipo kazi ilipo. Aorodheshe anayoyakwepa na kuyapa alama za woga, 0 hadi 100. Kuitazama pikipiki iliyozimwa, 30. Kuikalia, 45. Kuzunguka nayo uwanja mtupu, 60. Kupita palepale alipogongwa, 90. Aanze na 30, abaki hapo mpaka woga ushuke wenyewe, kesho arudie. Akikimbia woga ukiwa kileleni, mwili unaamini kukimbia ndiko kumemwokoa. Wengi tunaharibu hapa kwa huruma: tunamwambia basi, inatosha, twende nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu kagongwa wiki iliyopita, nianze ngazi?*

Marahaba. Hapana, mapema mno. Ale, alale, awe na watu wake, na usimlazimishe kusimulia. Wengi hupata nafuu bila tiba. Mwezi ukipita bado hali ni ileile, pima.

*Mimi si daktari, naruhusiwa?*

Ukifundishwa na ukasimamiwa, ndiyo. Moshi na Bungoma, washauri wasio wataalamu waliwatibu kwa tiba ya aina hii watoto waliofiwa na wazazi. Utafiti huo wa watoto 640 ulichapishwa 2020. Lakini msimamizi lazima awepo, hilo silegezi.

*Akilia katikati ya zoezi?*

Kaa naye. Muulize woga uko ngapi sasa. Subiri, kisha muulize tena.