Usisubiri tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto likauke
Anayepasha nyumba joto kwa mafuta ni vyema aangalie kipimo cha tangi mara kwa mara badala ya kungoja baridi ikaze ndipo aagize, kwa kuwa wakati huo wateja huwa wengi, bei aghalabu hupanda na gari la mafuta huchelewa. Agiza likiwa limebaki robo na, ikiwezekana, lijaze wakati wa majira ya joto.

Tangi likikauka, tope lililotuama chini huvutwa hadi kwenye chujio na pua ya kichomeo (tundu dogo linalonyunyiza mafuta yachomwe), na hewa huingia kwenye bomba, kiasi kwamba hata baada ya kujaza mafuta boila, yaani mtambo unaochoma mafuta hayo ili kupasha moto maji yanayosambaza joto nyumbani, huenda isiwake mpaka hewa hiyo itolewe. Hapo ndipo wengi hubonyeza kitufe cha kuwashia upya tena na tena. Nakusihi usifanye hivyo: kila jaribio lisilofanikiwa hunyunyiza mafuta ndani ya chumba cha mwako, nayo yakija kushika moto kwa pamoja yanaweza kuleta mlipuko. Bonyeza mara moja tu. Ikikataa, mwite fundi.

Fundi huyo aje pia mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi, abadilishe chujio na pua na kuondoa masizi, ambayo hata utando wake mwembamba huzuia joto kufika kwenye maji, likapotelea kwenye dohani. Kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayoweza kutoka kwenye boila, kiwekwe karibu na vyumba vya kulala, nacho kijaribiwe kila mwezi.