Namna ya kukagua MGB iliyofufuliwa kabla hujatoa pesa

Wadau, MGB yangu ya kwanza hapa Uingereza, lile gari dogo la michezo la zamani la Kiingereza, niliinunua kwa sababu ya rangi. Nyekundu, rimu za spoku zinang'aa, viti vinanukia ngozi mpya. Baada ya majira mawili ya baridi, malengelenge ya kutu yakaota chini ya milango. Fundi bodi alipokata bati alikuta puti (ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi), na nyuma ya puti, gazeti lililokunjwakunjwa. Nawaandikia ili yasiwakute.

Hatua ya 1: Karatasi. Kabla ya kusafiri, mwombe muuzaji picha za kazi ilivyofanyika, gari likiwa limevuliwa rangi yote. Mtu aliyechomelea kwa uangalifu hupiga picha, maana anajivunia kazi yake. Weka namba ya gari kwenye tovuti ya serikali usome historia ya MOT (ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari) bure. Kisha linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye V5C, yaani cheti cha usajili. Kumbuka V5C inaonyesha msimamizi wa gari tu, haithibitishi umiliki, kwa hiyo dai na risiti.

Hatua ya 2: Vizingiti vya chini ya milango. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. MGB, iliyotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, haina fremu. Bodi lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Ile isiyo na paa hutegemea zaidi vizingiti hivi, ambavyo vina tabaka tatu za bati: la nje, la kati na la ndani. Fundi mwenye haraka hubandika bati jipya la nje juu ya uozo, akapaka rangi, na kwa macho huoni kitu.

Piga magoti uangalie mwanya wa mlango upande wa nyuma: uwe sawa toka juu hadi chini. Muuzaji akikubali, gari liinuliwe kidogo kwa jeki upande mmoja, kisha fungua na ufunge mlango polepole. Ukianza kukwama, bodi linajikunja. Hapo shukuru, uondoke.

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiponata, kuna puti. (Boneti za magari ya miaka ya 1960 ni za alumini, kwa hiyo pale usishtuke.) Inua mazulia pia.

Hatua ya 3: Injini. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, uisikie ikiwa baridi. Ni ya sentimita za ujazo 1798, ngumu, na vipuri vyake vimejaa. Ikishapata moto ukiwa mwendoni, geji ya presha ya oili ikae karibu na psi 50 au zaidi. Mimi injini iliyochoka hainitishi; bati lililooza ndilo linalokula pesa.

Hatua ya 4: Barabarani. Mlio wa "tok" unapobadili kutoka mbele kwenda nyuma mara nyingi ni meno ya rimu za spoku yaliyolika. Usukani ukiwa mzito mno, kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zimekosa grisi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, zenye bampa nyeusi mbona bei yake iko chini?*
Kuanzia mwishoni mwa 1974 MGB iliwekewa bampa hizo na kuinuliwa ili ikidhi sheria za Marekani, ikawa inalala zaidi kwenye kona. Wapenzi wengi wanataka za kromu. Kwangu, bampa nyeusi yenye vizingiti vizima inaishinda ya kromu yenye gazeti ndani.

*Petroli ya siku hizi haiiui?*
Petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya valvu, ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 2000. Uliza kama silinda hedi imewekewa viti vigumu vya valvu, uone risiti. Tangu 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hula mipira ya zamani. Tumia E5, yenye ethanoli kidogo zaidi, na ubadilishe mipira ya mafuta.

*Kaka, naweza kuileta Mombasa?*
Usukani uko kulia, hilo ni sawa. Lakini Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika. Pata jibu la maandishi kutoka KRA (mamlaka ya ushuru) na KEBS (shirika la viwango) kwanza, na usitume hata shilingi ya amana kabla hujalipata.