Kuzuia maji kwenye kuta za bafu kabla ya kubandika marumaru

Marumaru peke yake haizuii maji. Maji hupenya kwenye grauti (saruji ya kujaza nafasi kati ya marumaru), na nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ni za tofali za kuchoma, zinazonywa maji mpaka rangi ya chumba cha pili inababuka. Kinga halisi ni dawa inayopakwa juu ya plasta, chini ya gundi ya marumaru. Dawa ya kuchanganywa ndani ya plasta haitoshi, kwa sababu plasta ikipata ufa maji yanapita.

Jaribu mabomba kwa presha kabla ya kuyafukia. Piga plasta ya saruji 1 kwa mchanga 4, imwagilie siku 7, kisha iache ikauke. Usipige niru (uji wa kulainisha ukuta): ni laini mno, dawa haishiki.

Tumia dawa ya saruji yenye sehemu mbili, unga na maji yake. Hesabu kilo 3 kwa mita ya mraba, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili). Kuta za kuogea zenye upana wa jumla ya mita 3, zikipakwa hadi kimo cha mita 2, zinakula kilo 18. Kuta nyingine, paka sentimita 30 kutoka sakafuni.

Uvujaji mwingi huanzia pembeni, kwa hiyo usiharakishe hapo. Kuta zinapokutana, na zinapogusa sakafu, paka dawa, laza utepe wa wavu wa faiba ingali mbichi, kandamiza kwa brashi mpaka matundu yajae, kisha paka tena. Mabomba yanapotokea ukutani, zungushia vivyo hivyo. Bomba linalocheza likazwe kwanza, la sivyo litachana dawa.

Ukuta uloweshwe bila kung'aa maji. Plasta kavu hufyonza maji ya dawa, ikabaki unga unaofutika kwa kidole. Mkono wa kwanza upake kwa mlalo, wa pili wima, kila mmoja kama milimita 1. Ukipaka nene mara moja, itapasuka.

Juni hadi Agosti, hasa Njombe na Makete, anza saa nne asubuhi na umalize mapema alasiri. Dawa mbichi ikikutwa na baridi ya chini ya nyuzi 5 haikomai. Mkono wa kwanza usipokauka leo, wa pili upakwe kesho. Tafadhali usiwashe jiko la mkaa bafuni ili kuikausha: hewa yake ya sumu inaua, na joto la ghafla linapasua dawa.

Subiri siku 3 au zaidi, kisha bandika kwa gundi ya marumaru, si uji wa saruji. Tundu lolote litakalotobolewa baadaye, la kioo au la kutundikia taulo, lijazwe silikoni kabla ya skrubu kuingia.