Kualika Watu Kunywa Nyumbani: Leseni Inahitajika Lini?

Ukinunua kreti mbili za bia dukani, ukazitia kwenye friji na kuwaita marafiki Jumamosi jioni nyumbani kwako Section 58 mjini Nakuru au Migosi mjini Kisumu, huhitaji leseni. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi bado huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati ule aliyeipeleka bungeni, inakataza kutengeneza na kuuza pombe bila leseni. Haimkatazi mtu kumkirimu mgeni wake. Taabu huanza pesa inapoingia, nayo huingia kwa milango ambayo mwenye nyumba hakuidhania.

Neno "kuuza" katika sheria hiyo ni pana. Ndani yake mna kubadilishana kitu kwa kitu bila pesa, kumpa mtu kinywaji kwa namna inayokuletea faida ya moja kwa moja au ya kuzungukia, na hata kugawa bure kwa nia ya kuvuta wateja. Ukitoza kiingilio cha shilingi 500 langoni na kutangaza kwamba vinywaji ndani ni bure, umeuza. Ukifungua kinyozi chako na kugawia wapita njia bia ili wakuzoee, nako umeingia humo humo.

Kinachowanasa wengi zaidi ni "kurudisha pesa yangu". Mwenyeji ananunua kreti, kisha kila mgeni anayechukua chupa analipa bei ileile ya dukani. Anaamini kwamba kwa kuwa hakuongeza hata shilingi, hajafanya biashara. Lakini chupa imetoka kwake ikaenda kwa mwingine kwa malipo. Tazama friji ya nyumba kama hiyo: namba ya M-Pesa imebandikwa mlangoni kwa selotepu, na juu yake daftari la majina lenye vijiti vitanovitano vya madeni. Vitu hivyo viwili vinatosha kuwa vielelezo kortini. Adhabu ya jumla ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote pamoja.

Kama ni chama na kila mtu anataka kuchangia, changeni kabla ya siku yenyewe. Mweka hazina apokee, alipe duka lenye leseni kwenye tili ya duka, na risiti iandikwe jina la chama. Mwenyeji asipokee pesa za kinywaji kwenye simu yake, kwa sababu taarifa ya M-Pesa yenye malipo 30 ya shilingi 250 usiku mmoja inasomeka kama ya mwenye baa. Siku ya mkutano pasiwe na malipo yoyote. Vinywaji vikiisha, atakayetaka kuongeza aende mwenyewe dukani anunue chake. Risiti ihifadhiwe, ndiyo inayoonyesha kwamba mzigo ulinunuliwa kwa matumizi ya kundi.

Kwa hesabu ya kununua, kadiria chupa moja ya bia ya mililita 500 kwa kila mnywaji kwa saa. Watu 15 kwa saa tano ni chupa 75, yaani kreti tatu za chupa 25. Mzinga wa pombe kali wa mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30. Kumbuka pia kwamba bia ya asilimia 4.2 ya mililita 500 ina mililita 21 za alkoholi, na toti moja ya asilimia 40 ina 12. Anayemiminiwa toti mbili kwa jicho tu amekunywa zaidi ya chupa nzima ya bia. Nunua kipimo cha toti, na chakula kitangulie kinywaji.

Ikiwa kweli unataka kuuza, tuseme ni harambee yenye kaunta ya vinywaji au tamasha la tiketi uwanjani kwako, hapo leseni ni lazima. Tangu ugatuzi, Katiba imeipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, kwa hiyo Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma kila moja ina utaratibu na ada zake. Nenda ofisi ya vileo ya kaunti ndogo yako uulizie leseni ya muda ya hafla. Beba kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), barua ya mwenye uwanja na mchoro mdogo unaoonyesha vyoo, maji na mahali pa kuuzia. Anza mwezi mmoja kabla, maana maombi hupitia kamati, na afisa wa afya ya umma anaweza kutaka kuja kuona. Lipa kwa mfumo rasmi wa kaunti, udai risiti. Hela mkononi haikupi leseni. Pima pia umbali: sheria ya 2010 inazuia leseni ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto, msingi au sekondari, na viwanja vingi vya mitaani huangukia hapo.

Usidanganywe na mwenye baa anayesema atakuja na leseni yake. Leseni hufungwa kwenye jengo lililoandikwa, haibebwi mfukoni. Mara nyingi njia rahisi ni kuipeleka hafla kwenye baa au hoteli yenye leseni, huku ukijua kwamba saa za baa chini ya sheria ya taifa ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu.

Busaa, pombe ya kienyeji ya unga na kimea, ni jambo zito zaidi, hasa huku magharibi ambako mahari, matanga na tohara ya Wabukusu ya Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, kama 2022 na 2024, huambatana na mtungi na mirija. Sheria inataja kutengeneza sawasawa na kuuza, kwa hiyo kukanda unga, kuukaanga na kuutia kimea kwa ajili ya wageni hakuepuki sheria hiyo kwa kuwa tu ni mila. Juu ya hayo, Sheria ya Machifu inampa chifu uwezo wa kukataza au kuwekea mipaka vikao vya ulevi katika eneo lake. Mzee wa boma amwendee chifu mapema, kabla unga haujalowekwa, na amwulize ofisi ya vileo inataka nini. Chang'aa ya mtungini, ile pombe kali ya kienyeji, usiilete kabisa. Kufutwa kwa sheria ya zamani iliyoipiga marufuku hakukuhalalisha ile isiyo na leseni, viwango wala chupa yenye alama.

Chupa yoyote ya dukani, iangalie stempu ya ushuru kabla hujalipa. Programu ya KRA ya Soma Label huisoma kwa simu. Pombe bandia yenye methanoli haionjeki tofauti. Mgeni akiamka siku ya pili akilalamika kwamba anaona ukungu, usimwambie ni hangova. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Watoto: kumuuzia au kumpa kileo aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na nyumbani kwako aliyempa ni wewe mwenyeji. Binamu wa kidato cha nne anayesema amezoea apewe soda.

Kinachomleta askari nyumbani kwa kawaida ni muziki. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha makazi usiku ni desibeli 35, karibu na sauti ya mnong'ono. Spika za uani haziwezi kutii kiwango hicho. Saa mbili ikifika, ziingize ndani, ziinue kutoka sakafuni, zielekeze mbali na ukuta wa jirani, uzime besi kubwa, kwa kuwa ndiyo inayopenya mawe. Kisha toka usimame langoni kwa jirani. Ukisikia mdundo, punguza tena. Mwenye ploti na jirani wa ukutani waambie siku mbili kabla, uwaachie namba yako.

Kesho yake zikibaki chupa kumi, usimuuzie jirani hata moja. Kreti ambayo haijafunguliwa rudisha dukani kama mlikubaliana hivyo wakati wa kununua. Zilizobaki zitunze au wape bure waliochanga.