Viongozi wakitaka kupitisha msilolitaka, fanyeni hivi

Kelele za pale Mkunguni, uwanja wetu wa Lamu, nazipenda, hata mimi hupiga, lakini haziingii kwenye faili. Andikeni.

Kwenye mkutano wa maoni, ile karatasi inayozungushwa kabla ya soda isome kichwa chake kwanza. Ikiwa ni ya wanaounga mkono, usitie sahihi. Ikiwa ni ya mahudhurio tu, tia, kisha kando ya jina andika “napinga”, uipige picha. Ukimaliza kusema, mwambie anayeandika kumbukumbu akusomee alichoandika. Atanuna, mwache anune.

Barua iwe na nakala mbili. Moja wabaki nayo, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hukupeleka kitu. Jambo la kaunti, ombi liende kwa karani wa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki hiyo.

Leseni ya mazingira usiilalie: kuikatia rufaa mna siku 60. Serikali ilikitaka sana kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi, na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa leseni 2016. Watu wa Amu (Lamu) wakaenda kwenye jopo la kitaifa la mazingira, nalo Juni 2019 likaifuta, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushahidi wa mambo hayo ni makaratasi, basi wekeni nakala nyumba mbili tofauti. Mchwa wa huku hawana chama.