Faili la Mteja Mpya: Hatua kwa Wakili Mwenye Ofisi Ndogo Uganda

Kwa ninavyoona, malalamiko mengi dhidi yetu mawakili huanzia siku ile ile mteja anapoingia ofisini: pesa zimepokelewa bila risiti, tarehe haikuandikwa, ada imetajwa kwa mdomo tu. Hatua hizi nazifuata kwa kila mteja, awe mzee wa kijijini au mwenye kampuni.

Hatua ya 1: Jua upande wa pili kabla ya kusikia kisa

Uliza majina ya wote wanaohusika, na kampuni zao, kisha yatafute kwenye rejista ya mafaili. Katika miji kama Busia au Tororo, anayeshtakiwa leo huenda ndiye uliyemwandikia mkataba wa kiwanja mwaka jana. Ukikuta jina lake, mkatize mteja hapo hapo kabla hajakupa siri zake, umwelekeze kwa wakili mwingine.

Hatua ya 2: Mtambue mteja

Chukua nakala ya kitambulisho cha taifa na namba mbili za simu. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2013 inatuhusu na sisi, kwa hiyo kwenye ununuzi wa ardhi uliza pesa zimetoka wapi. Usione haya.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya tarehe mteja akiwa bado ameketi

Hapa usiharakishe. Mteja anatoa samansi, hati ya mahakama ya kumtaka ajibu kesi, iliyokunjwa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki). Unamuuliza, "Uliipokea lini, mzee?" Anajibu, "Juzi juzi tu." Usikubali jibu hilo. Tarehe iliyopigwa muhuri mahakamani siyo unayoitafuta. Unataka siku aliyokabidhiwa. Muulize kama ilikuwa siku ya soko, nani alikuwepo, alitia sahihi wapi.

Katika kesi ya kawaida ya madai, utetezi huwasilishwa ndani ya siku 15 tangu kukabidhiwa samansi. Akiipokea tarehe 3 Juni, mwisho ni 18 Juni. Mimi huandika tarehe mbili kwenye jalada kwa wino mwekundu: 18, ambayo ni ya sheria, na 12, ambayo ni yangu ya tahadhari. Karani naye anaziandika kwenye kalenda ya ukutani. Lakini isome samansi yenyewe kwanza: katika kesi ya utaratibu wa muhtasari (summary suit), yaani ile ya njia ya mkato, ni lazima uombe ruhusa ya mahakama kabla ya kujitetea.

Mteja akiwa ndiye mdai, angalia ukomo, yaani muda ambao ukipita hawezi tena kufungua kesi. Dai la mkataba kwa kawaida lina miaka 6. Dhidi ya serikali, mkataba ni miaka 3, na madhara kama kugongwa na gari la wizara ni miaka 2 tu. Watu hukaa wakingoja ahadi za maofisa mpaka muda unaisha. Inauma sana kumwambia mjane kwamba amechelewa.

Hatua ya 4: Ada kwa maandishi

Andika kazi utakayofanya, ada yake, na yasiyomo, hasa rufaa. Sheria ya Mawakili inataka makubaliano ya ada yawe na cheti cha notari (mthibitishaji wa hati) kwamba mteja ameelezwa na ameelewa, na huyo notari asiwe wewe. Mteja asiyesoma Kiingereza, mweleze kwa Kiswahili au Luganda mpaka aweze kukurudishia kwa maneno yake.

Hatua ya 5: Pesa za mteja zikae peke yake

Fungua akaunti ya wateja benki, mbali na ya ofisi. Pesa zikiingia kwenye simu yako, zihamishe siku hiyo hiyo na ukate risiti. Fidia aliyoshinda mteja ni yake. Kuiazima kulipa kodi ya ofisi, hata kwa wiki moja, ni kosa la nidhamu. Kila mwisho wa mwezi linganisha daftari na taarifa ya benki, jina kwa jina.

Hatua ya 6: Baada ya kila kikao

Ingia ECCMIS, mfumo wa mahakama wa kusimamia kesi kwa mtandao, uthibitishe tarehe inayofuata, kisha mpigie mteja kabla jioni haijafika, hata kama kesi imeahirishwa tu. Andika kwenye faili saa uliyopiga na alichojibu.