Mbolea ya nyanya za ndoo: anza kwa kusoma majani

Mtu akiniuliza atie mbolea gani kwenye nyanya zake zilizogeuka manjano, nami humuuliza: manjano hayo yameanzia chini au juu? Wengi hawajaangalia. Wameona mmea umefifia, wakakimbilia mfuko wa mbolea. Nakuomba kabla ya kuchota chochote uchuchumae, ushike jani la chini kabisa, kisha ushike lile changa la kileleni, uyalinganishe.

Sababu ni hii. Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zikipungua, mnyanya huzinyonya kutoka majani mazee na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Kalsiamu, boroni na madini ya chuma zikishakaa mahali hazihami, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga na matunda. Ukilijua hilo tu, umeshapunguza nusu ya kubahatisha.

Sasa litazame jani lenyewe. Jani la chini likipauka lote, mishipa na nyama yake, na mmea ukasimama bila kurefuka, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Likibaki na mishipa ya kijani huku katikati ya mishipa pamekuwa manjano, shuku magnesiamu. Kingo zikikauka na kuwa kahawia kama zilizobabuliwa na moto, wakati katikati bado ni kijani, shuku potasiamu. Mche uliodumaa wenye rangi ya zambarau mgongoni mwa majani unalilia fosforasi, ila hapo usiwe na haraka. Udongo ukiwa wa baridi, fosforasi inaweza kuwemo tele na mizizi ikashindwa kuichukua. Joto likirudi, majani mapya hutoka yakiwa na rangi yake ya kijani. Na majani machanga yakiwa manjano yenye mishipa ya kijani, hapo ni madini ya chuma, na mara nyingi hayajaisha: udongo umezidi ualkali na kuyafunga. Nyanya hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu au ualkali wa udongo, ya kama 6.0 hadi 6.8. Nje ya hapo unaweza kutia mbolea kila wiki na mmea ukabaki na njaa.

Tuje kwenye mfuko. Zile namba tatu zilizoandikwa juu ya mfuko wa mbolea ni asilimia, na mpangilio wake haubadiliki: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Urea ni 46-0-0, maana yake kila kilo 1 ina gramu 460 za naitrojeni na haina fosforasi wala potasiamu. DAP, mbolea ya kupandia, ni 18-46-0. Ile 17-17-17 ina vyote kwa usawa. Namba ya katikati huhesabiwa kama oksidi ya fosforasi, si fosforasi tupu, ndiyo maana ile 46 ya DAP ni kama 20 tu ya fosforasi yenyewe. Namba ya tatu nayo huhesabiwa kwa oksidi. Usiumize kichwa kwa hilo. Linganisha mfuko na mfuko, inatosha.

Wakati wa kuhamishia mche, mizizi ndiyo inayohitaji msaada. Weka mbolea ya kupandia yenye fosforasi chini ya shimo, ifunike kwa udongo, ndipo uweke mche, ili mizizi isiguse chembe za mbolea moja kwa moja. Mche ukishashika na kutoa majani mapya, anza naitrojeni kidogo kidogo. Kwa mbolea inayoyeyuka kwenye maji, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 ni kipimo cha upole cha kuanzia. Mwagilia maji matupu kwanza, kisha huo mchanganyiko. Udongo mkavu ukipewa chumvi ghafla, mizizi huungua. Kama unatumia urea ya chenga, ifukie. Ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hugeuka amonia na kupotea hewani.

Maua yakianza kushika matunda, punguza naitrojeni na uongeze potasiamu. Hapa ndipo wanaoanza hupotea, kwa sababu mmea ulioshiba naitrojeni unapendeza sana machoni. Jirani yangu mmoja aliniita kwa furaha nione mnyanya wake: shina nene, majani ya kijani kizito yaliyojikunja kuelekea chini, na maua ya kuhesabu. Nilipogeuza jani, vidukari walikuwa wamejipanga kwenye mishipa, maana wao hupenda majani laini ya namna hiyo. Nilimshauri aache urea kabisa, abaki na maji tu kwa muda. Maua yalikuja.

Ukiona ncha za majani zimekauka na ukoko mweupe umejitokeza kwenye ukingo wa ndoo, hizo ni chumvi za mbolea iliyozidi. Hakikisha ndoo ina matundu chini, kisha mimina maji mengi polepole, mara mbili ya ujazo wa ndoo au zaidi, yatoke yakiwa yamebeba chumvi. Usitie mbolea tena mpaka majani mapya yatoke safi.

Kitako cheusi kinanisikitisha kuliko yote, kwa jinsi watu wanavyokitibu kwa dawa zisizohusika. Tunda linaoza upande wa chini kwa kukosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Inasafiri na maji tu, na maji mengi hukimbilia majani kwa sababu ndiko yanakopotelea hewani. Tunda hupata kidogo. Ukimwagilia leo, ukasahau siku kadhaa, halafu ukafurikisha, tunda ndilo linaloumia. Kunyunyizia kalsiamu majani hakusaidii sana kwa kuwa haitoki kwenye jani kwenda kwenye tunda. Ng'oa matunda yaliyooza, tandaza nyasi kavu juu ya udongo na umwagilie kwa utaratibu. Potasiamu nayo isizidi, kwani hugombania njia na kalsiamu.

Samadi naipenda, lakini iliyooza vizuri tu: haina joto ukiingiza mkono, hainuki, na huwezi tena kutambua ilikuwa nini. Ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, itumie kwa uchache.

Matunda ya mwisho yakishafikia ukubwa wake, acha mbolea. Ukimaliza kuvuna, changanya mboji kwenye udongo wa ndoo na upande maharage au mboga za majani, si nyanya tena, wala biringanya, pilipili au viazi mviringo, kwa kuwa ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale.